Kiberiti cha Mwimba Kwaya

Kambi yetu ilikuwa nje ya Kolwezi, upande wa Mutoshi, na hadi leo harufu yake hunijia nikiwa mezani. Maharage yalipikwa pamoja na wadudu wake. Maji ya kunywa yalikaa kwenye pipa lililowahi kubeba mazuti, mafuta ya malori. Choo, mashimo matatu kwa kompani nzima, kilikuwa kimejaa kabla hatujafika. Nilivumilia kwa sababu moja: mafunzo yakiisha tungepelekwa ng'ambo kulinda amani, nami tangu utoto nilitamani kuona mahali ambapo udongo si mwekundu.

Kisha tukaambiwa kila mtu alete choo chake ndani ya kiberiti kikapimwe. Mwenye minyoo haendi. Kwa maji yale, nani angekuwa safi? Tulimfikiria mmoja tu, mwenzetu wa mtaa wa Kapata, mwimba kwaya, asiyegusa pombe, aliyechemsha maji yake kwenye kopo kila asubuhi huku tukimcheka.

Alfajiri tulipanga foleni nyuma ya choo, wanaume wazima, viberiti mkononi.

"Tata, baba yangu, unisaidie," nilimwambia, mimi niliyemwita bibi harusi jana yake tu.

"Leo niko tata?" akajibu kutoka ndani. "Mungoje. Mi siko mashini."

Alitugawia kwa kijiti, kwa haki kabisa, kama shemasi. Nikauweka uchafu wa mtu mwingine kwenye mfuko wa shati, nikamshukuru.

Siku ya tatu daktari alituita mbele watu kumi na mmoja, mwimba kwaya akiwemo.

"Ninyi bote muko na minyoo ya namna moja," alisema. "Muko batoto ba tumbo moja?"

Waliopeleka cha kwao walicheka hadi wakakohoa. Sisi tuliikubali minyoo ile kuwa yetu, maana kumdanganya daktari wa jeshi ni kifungo. Tulipotawanyika nikamshika mwimba kwaya kola.

"Si unachemshaka mayi?"

"Nachemshaka. Lakini inakuwaka moto sana. Naongezaka kidogo ya pipa, ipoe."

Tulipewa dawa. Kwa siku mbili nilichokonoa choo changu mwenyewe, pua nimeziba, nikitafuta. Sikuona hata mnyoo mmoja.

Lori liliwachukua wengine asubuhi ya Jumatatu. Sisi kumi na mmoja tulipewa masepetu, tuchimbe mashimo mapya ya choo.