Koti la Mpima Unyevu

Msimu uliopita Polikarp alikuwa kuli pale kwenye ghala la kununulia mahindi, Sumbawanga mjini. Siku hizo mkulima akikataliwa kwa unyevu, yeye ndiye aliyemvuta pembeni na kumnong'oneza, "Mama, tandaza turubai pale, jua la muda wa saa mbili tu linatosha." Mwaka huu tajiri mwenye ghala akampa koti jeupe na kipima unyevu. Utu ukamtoka wiki ileile.

Koti lenyewe si lake, linarudishwa msimu ukiisha. Lakini mwanamume huyo alishaamini kwamba aliyevaa koti kapanda kwa akili zake, na asiye nalo ni mzembe aliyejitakia. Kipimo alikishika kwa vidole viwili, utadhani amekiunda mwenyewe.

Siku ya mwisho ya ununuzi alifika Valeria, mjane kutoka kijiji cha Kaoze, na magunia sita. Jasho lake la mwaka mzima lilikuwa humo. Akachuchumaa, akapiga makofi taratibu, salamu ya Wafipa, ambayo huitikiwa kwa makofi. Polikarp akabaki na mikono mfukoni, kifua kimemvimba. Alijua anapigiwa kwa ajili ya koti.

Akachoma kipimo kwenye gunia.

"Mabichi haya. Rudisha."

"Nifanyeje, baba?"

"Kwani nilikulimia mimi?"

Jua lilikuwa kali. Neno moja tu la turubai lingetosha, na alilijua, lakini akaenda zake kula wali. Valeria akamfuata hadi kibandani, akachuchumaa na kupiga makofi tena. Polikarp akaendelea kutafuna.

Saa tisa mvua ya kwanza ikashuka. Magunia yakalowa, ghala likafungwa. Kuli mmoja, Yusto, akamsaidia mjane kuyapakia kwenye Fuso. Walipomaliza, Valeria akachuchumaa topeni na kumpigia makofi yaleyale. Yusto naye akachuchumaa, maji yanamchuruzika, akaitikia.

Polikarp aliyaona hayo akiwa mlangoni. Kumbe hata kuli anapigiwa. Hilo lilimchoma, mpuuzi yule, kuliko mahindi ya mjane yaliyoharibika.

Valeria alisimama mbele yake kabla ya kupanda gari.

"Nimekusalimu mara mbili, baba. Kwetu mtu asipoitikia, tunajua anaumwa. Pole."

Makuli wakainamisha vichwa wasionekane wanacheka. Polikarp akaitoa mikono mfukoni, akaanza kupiga makofi. Fuso lilikwishashika barabara ya Kaoze.