Loice na Fomu za Watu Wasiotaka Kufa

Kama kuna mtu hapa Kapkatet anayewajua wakulima wa chai kunishinda, ajitokeze nimpikie chai mwenyewe. Mimi Jonah niliishia darasa la nne, lakini nimeshika mizani ya kituo cha majani miaka kumi na mmoja. Mtu akiweka kikapu chini, mimi najua kama nyumbani kwake wamelala vizuri au wamelala wakinuniana. Kwa hivyo mwaka wa tisini na tano, Loice alipokwama, hakuenda kwa pasta. Alikuja kwangu.

Loice alikuwa karani mpya wa sacco, chama chetu kidogo cha akiba cha wakulima. Alitoka kule chini kwenye ziwa, na baridi yetu ilimshangaza kila asubuhi kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Alivaa sweta mbili. Kalamu aliifunga mkononi kwa uzi, kwa sababu wakulima wakishaweka sahihi huondoka nayo. Na alikuwa anasalimia kila mtu kwa Kikipsigis, hata walevi, hata mtu aliye juu ya mti. Nilimpenda kama mtoto wangu, ingawa wangu hawanisikilizi vile.

"Anko," akaniambia siku hiyo, akiweka katoni juu ya meza yangu, "fomu thelathini na nane za kufungua akaunti. Hakuna hata moja iliyokamilika. Meneja anasema zikifika Ijumaa ya wiki ijayo bado ziko hivi, atatafuta karani mwingine. Mimi bado niko kwa majaribio."

Nikavaa miwani. Jina, sawa. Kitambulisho, sawa. Namba ya chai, sawa. Halafu swali la tisa: *Ukifa, akiba yako apewe nani?* Hapo, fomu zote thelathini na nane, peupe kama maziwa.

Nilicheka hadi nikashika mizani nisianguke. "Msichana wangu, umeuliza watu habari ya kufa kwao, halafu unashangaa hawajibu?"

"Lakini Anko, si kila mtu atakufa?"

"Hiyo tunajua. Lakini hatukiandikii kifo barua ya kukielekeza nyumbani."

Nikampa ushauri wa bure. Kila fomu aandike jina la kifungua mimba, tumalize kabla ya saa sita, twende tukale. Aliniangalia vile mama huangalia mtoto aliyekojoa kanisani.

"Siandiki jina ambalo mwenyewe hajalitamka."

Basi tukatembea, shamba hadi shamba. Watu walitukaribisha, tukapewa mursik, yale maziwa yetu ya mgando, tukapewa mahindi ya kuchemsha. Tukifika swali la tisa, kila mtu anakumbuka ng'ombe amefunguka. Mama mmoja anayeitwa Rodah alituambia atajibu akishazeeka. Ana wajukuu saba.

Jumatatu ya wiki yenyewe tukafika kwa mzee Aron, ambaye akikohoa kilima chote kinasafisha koo. Tulimkuta katikati ya chai yake, anachuma. Akamsikiliza Loice mpaka mwisho bila mikono kusimama.

"Na wewe," akauliza, "yako uliandika nani?"

Wafanyakazi wa sacco pia ni wanachama. Loice akafungua mkoba, akatoa fomu yake. Swali la tisa, peupe.

"Iiih!" Mzee Aron akacheka. "Kumbe hata watu wa samaki wanaogopa!"

Ningekuwa mimi ningetafuta maneno matamu, ninayo mengi. Loice alikaa tu chini kwenye nyasi, akaweka fomu juu ya goti, akaandika: Quinter, dada yangu. Akatia sahihi.

"Vizuri," mzee akasema. "Sasa tungoje."

"Tungoje nini, mzee?"

"Tuone."

Habari ikaenda mbio kuliko lori la majani. Kilima chote kikawa kinamwangalia Loice kama chungu kilicho jikoni. Na Jumanne, kwa bahati mbaya, mvua ya mawe ikatukamata njiani. Nilikuwa nimemwambia lile wingu linaenda Sotik. Wingu lilibadilisha mawazo, si makosa yangu.

Jumatano Loice hakuamka. Homa, kifua, sauti imepotea. Pale kituoni watu wakanong'ona, "Ile fomu imemshika." Rodah akaniuliza kama watu wake wa ziwani wameambiwa. Nawaambia ukweli, mimi mwanaume wa tohara, niliogopa. Nilimpelekea asali, uji wa wimbi na koti langu la baridi.

"Anko," akasema kutoka ndani ya blanketi, "nikilala hapa kesho, wataona ni kweli. Kazi yangu imeisha."

"Kazi iende. Lala."

Alhamisi ni siku ya kupima. Foleni ilikuwa ndefu, na mara yote ikageuka kuangalia njia. Loice alikuwa anapanda kilima peke yake, sweta mbili na koti langu juu. Akakohoa, watu wakarudi nyuma. "Chamgei," akasalimia kila mtu, mmoja mmoja, kwa ile sauti ya chura. Halafu akafanya jambo ambalo hata mimi nisingelifikiria, na mimi hufikiria sana: akachukua kikapu cha Rodah, kimejaa, akakiinua, akakitundika kwenye ndoano yangu. Kikapu kikaning'inia.

"Anko, soma."

Nikasoma kwa sauti ya kuhubiri, kilo kumi na nane. Mshale sikuuona vizuri, macho yalikuwa na vumbi.

Mzee Aron akamzunguka pole pole, kama mtu anayenunua mtamba. "Hujakufa."

"Bado, mzee."

"Na lile jina?"

"Liko palepale."

Akafikiri. "Lete kalamu."

Wanawe wawili walikuwa kwenye foleni, kwa hivyo alimwinamia Loice sikioni. Loice akaandika. Mzee akaenda hatua tatu, akarudi. "Futa huyo. Jana aliacha ndama nje." Akanong'ona tena. Nyuma yake Rodah alishasimama, amenyoosha kidole gumba tayari kwa wino, na mpaka jioni foleni ya kalamu ilikuwa imeishinda foleni ya mizani.

Ijumaa meneja wetu alipindua fomu moja moja, thelathini na nane na ile ya Loice. Akasema, "Jumatatu njoo nikupe barua ya kuajiriwa."

Nimemwuliza Loice mara nyingi mzee Aron aliandika nani. Nimemkumbusha asali. Nimemkumbusha koti. Ananimiminia chai, anatabasamu, ananiuliza kama nitaongeza sukari.