Lori Lisilosalimia

Baba yangu ni fundi cherehani pale sokoni Kamembe, mpakani na Bukavu, na kila mtu alitarajia nirithi kiti chake. Mimi nikachagua lori. Siku nilipomwonyesha leseni yangu ya magari makubwa hakunipongeza. Aliendelea kukata kitambaa, kisha akauliza bila kuinua uso, "Na zile kamyo zenye zinajiendesha, hauzisikiaka? Unaenda kujifunza kazi yenye inakufa?"

Nilimjibu kwamba kona za msitu wa Nyungwe zitamshinda hata shetani akiendesha peke yake. Tukacheka, lakini mimi nilicheka kwa mdomo tu. Nilikuwa nimeacha ufundi ninaoujua kwa ajili ya kiti cha dereva ambacho bado hakikuwa changu. Kikinikataa, nitarudi sokoni kushika mkasi mbele ya watu walewale walioniaga kwa kejeli, na watu wa Kamembe hawasahau kejeli zao.

Tajiri wa malori aliniweka chini ya dereva wake wa zamani, mzee mmoja mwenye asili ya Bukavu, aliyekuwa akibeba saruji kutoka Bugarama hadi Kigali tangu mimi nikiwa mtoto. Ahadi ilikuwa kwamba nikifaa nitapewa lori. Lori lipi, tajiri hakusema, nami sikuuliza. Mwenye shida ya kazi hana maswali mengi.

Wiki ya kwanza, tukingoja kupakia, mzee alitoa simu akanionyesha video. Lori refu lilikuwa linakwenda katika nchi tambarare, kavu, isiyo na hata mbuzi barabarani. Usukani ulikuwa unazunguka wenyewe na kiti kilikuwa kitupu.

"Angalia muzuri, mutoto yangu. Mule hamuna muntu. Miye nitakufa mbele ifike huku. Lakini weye?"

Akairudia video ileile kesho yake, na kesho kutwa, tena kwa sauti ya huruma iliyonikera. Kwa nini mtu anayekufundisha kazi akutishe nayo? Nilikuwa nimesikia kwamba ana mpwa anayehangaika kutafuta kazi. Nikajumlisha mbili na mbili. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na tangu siku hiyo nikawa namwangalia kwa jicho la pembeni.

Kisha tajiri akaleta kamera. Fundi aliibandika kwenye kioo cha mbele, jicho moja likitazama barabara, jingine likimtazama dereva. Ukigeuza uso inalia. Ukitoa mkono kwenye usukani inalia. Tajiri alisema ni kwa usalama wetu. Alipoondoka mzee alitema mate, akagonga gia kwa kiganja.

"Usalama gani? Ile kintu inajifunza. Inaangalia namna minakata kona, namna minabadilisha vitesi. Kisha kujua, bataiweka mu kamyo ingine, na siye twende kulima Gikundamvura."

Sikutaka kumwamini, ila usiku nililala nikiiwaza. Sasa nilikuwa na wawili wa kuwachunga, mzee na ile kamera, na bado sikuwa na lori.

Nieleze jambo moja kuhusu barabara yetu. Ndani ya msitu wa Nyungwe ukungu hushuka bila hodi, na nyuma ya kona huwezi kujua kuna nini. Kwa hiyo madereva wa malori husalimiana. Lori linapokuja mbele yako unainua mkono, unamtazama mwenzako usoni, naye anakujibu. Kiganja kikiwa wazi, njia ni nzuri. Kiganja kikikandamiza hewa kwenda chini, punguza mwendo, mbele kuna jambo. Asiyejibu salamu haambiwi kitu, maana hakuna wa kuambiwa. Hilo ndilo somo la kwanza mzee alilonifundisha, kabla hata ya breki.

Kamera haikuijua adabu hiyo. Kila mzee alipoinua mkono na kugeuza uso, ililia. Kutoka Kamembe hadi upande wa pili wa msitu ilikuwa kelele tupu, naye akiijibu kwa hasira, "Nyamaza! Minasalimia bantu!"

Zamu yangu ilipofika nilishika usukani kwa mikono miwili, nikakaza macho mbele. Malori yalikuja, mikono ikainuka, mimi sikuinua wangu.

"Mbona hausalimie?" mzee akauliza.

"Nawaficha salamu," nikasema. "Kama inajifunza, ijifunze usukani tu. Salamu zibaki zetu."

Nilijiona mjanja kweli. Mzee akasema, "Unaficha nani? Bale benye banakusalimia?"

Niliona ni yaleyale ya kutaka niharibikiwe.

Miezi michache baadaye tajiri alituita sote wawili. Alisoma kwenye simu yake alama ambazo kamera ilikuwa ikituhesabia. Za mzee zilikuwa mbaya, kila safari makosa chungu nzima. Zangu zilikuwa safi. Akamwambia mzee apumzike, amefanya kazi ya kutosha. Kisha akanyoosha mkono, akachukua funguo kwake, akanipa mimi. Lori nililoahidiwa lilikuwa hilohilo.

Mzee alishusha chupa yake ya chai na blanketi lake. Nilitegemea matusi. Aliniambia tu, "Sasa minaelewa. Weye na ile kintu mulishaka kupatana." Niliumia, tena niliumia sana, kwa sababu alinishuku kwa jicho lilelile nililomshuku nalo. Yule mpwa, nilikuja kusikia, anauza simu Bukavu na hana habari na malori.

Nikaanza kuendesha peke yangu, macho mbele, mikono miwili, kamera imetulia. Nilikuwa na kazi, nami nilikusudia kuilinda.

Msimu wa mvua, nikiwa katikati ya msitu na shehena kamili, nilikata kona nikakuta udongo umeporomoka na kufunika nusu ya barabara. Malori yalikuwa yanapita kwa zamu, moja moja. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Saruji ilinisukuma, matairi yakalia, nikasimama karibu kabisa na mkia wa lori la mbele. Nilishuka, na hofu ikageuka hasira. Nikamfuata dereva wa lori lile.

"Watu wamepishana nami njia nzima," nikafoka. "Hakuna hata mmoja wa kunionya?"

Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kama mtu anayehakikisha jambo.

"Bote balikuinulia mukono kukusalimia tangu kule juu. Miye nilikuwa mbele yako, nikaona mu kioo. Lakini ile kamyo yako haiitikiaka. Siye tulishaka kusema mule hamuna muntu."

Nilirudi, nikapanda, nikangoja zamu yangu ya kupita.

Mwisho wa mwezi tajiri alinipigia simu kunipongeza. Alisema anataka madereva wake wote waendeshe kama mimi. Nilishukuru. Sikuthubutu kumuuliza atawahitaji mpaka lini.