Fundi Marumaru Atafuta Hospitali

Katika kuweka marumaru Pimamaji hana mpinzani, na ukitaka kuhakikisha muulize mwenyewe, atakujibu kabla hujamaliza swali. Jina alipewa na mafundi wenzake kwa ajili ya kile kipimo chenye kichupa cha maji, cha kuonyesha kama sakafu imelala sawa. Anacho kidogo cha mfukoni, na hakiachi nyumbani hata akienda kununua mkate.

Alikuwa na miezi minne ugenini, akitandika sakafu za maghorofa, mkewe alipomfuata na mimba ya miezi saba. Msianze kuhesabu vidole, hesabu inatoka sawa.

Sasa, mtoto wao wa kwanza, aliyebaki kwa bibi yake, alitolewa kwa kisu. Mkunga wa nyumbani alimwonya mama: huyu wa pili usimzalie popote tu, tafuta penye chumba cha upasuaji na daktari asiyeondoka, maana mshono wa zamani ukifumuka, hakuna muda wa kuita gari. Kwa hiyo walikuwa na wiki nane za kupata hospitali katika mji ambao hata mabango yake hawakuweza kuyasoma.

Jirani yao dereva, mtu wa lugha yao aliyekaa pale miaka mingi, alimwandikia mke wa Pimamaji, aliyemwita shemeji, maswali matatu kwa lugha ya wenyeji. Kuna chumba cha upasuaji? Daktari yupo saa zote? Nani atatusaidia kuelewana? Pimamaji akaitazama karatasi kama mtu aliyepewa mkongojo ilhali miguu yake ni mizima.

"Maneno yao yananipiga chenga," alisema, "lakini sakafu zote duniani zinasema lugha moja. Niachie mimi."

Mke akaikunja karatasi, akaitia kwenye pochi.

Hospitali ya kwanza ilikuwa karibu na nyumbani. Pimamaji aliinama mlangoni, akagonga marumaru kwa kifundo cha kidole, ikalia tupu kama debe. Akageuka palepale. Aliyeshindwa kushika marumaru, alisema, atamshikaje mtoto? Mkewe alikuwa hajapata hata kiti.

Ya pili, jamani! Marumaru pana, nyeupe, mistari imenyooka kama uzi wa fundi cherehani. Pimamaji alichuchumaa, akatoa kipimo, kiputo cha hewa kikakaa katikati kabisa, na machozi yakamlengalenga. Pale mapokezi alisema maneno mawili aliyoyajua, "mke" na "daktari", wakapewa namba. Walisubiri saa nzima. Walipoingia, daktari alimkalisha mama kwenye kiti kirefu, akampa kijiko cheusi afunike jicho moja, akamwonyesha ukutani herufi kubwa na ndogo. Mama akatii, akidhani hivi ndivyo uzazi unavyoanza. Alipofika jicho la pili akashusha kijiko, akamgeukia mumewe taratibu.

"Baba watoto, huyu mtoto atatokea jicho gani?"

Njia nzima ya kurudi Pimamaji hakutaja sakafu. Dereva alipopata habari alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akawaelekeza hospitali kubwa ya serikali, mabasi mawili kutoka pale.

Safari hii mke alitangulia, karatasi mkononi. Pimamaji alifuata nyuma, akitikisa kichwa: viraka kila mahali, rangi tatu tofauti, kazi ya watu waliokuwa na haraka. Mke hakutazama chini. Alimfikia mkunga kwenye meza ya wazazi, mama mnene mwenye miwani kifuani, akampa karatasi, na dereva akawekwa kwenye simu atafsiri majibu.

Chumba cha upasuaji kipo, mlango ule. Daktari yupo saa zote, wanapokezana. Mkalimani hakuna, mkunga hakuficha, ila namba ya dereva ingeandikwa juu ya faili kwa wino mwekundu. Halafu akauliza, huyu bwana amelala chini ameanguka?

Hakuanguka. Alikuwa amelaza kipimo sakafuni, na kiputo kilikuwa kimekimbilia pembeni. Sakafu ilikuwa imelika, lakini haikulika ovyo. Ililika njia mbili nyembamba, zilizoachana upana wa kitanda cha magurudumu, kutoka wodi ya wazazi moja kwa moja mpaka mlango wa upasuaji. Viraka vyote vilifuata njia hizo. Na mlangoni mtu alikuwa amekitindua kizingiti, akasawazisha kwa saruji, gurudumu lisikwame. Pimamaji akapitisha kiganja pale. Hakuna hata pa kukwaza ukucha.

Akanyanyuka, akipangusa magoti.

"Mama watoto, ni hapa. Hapa vitanda vinakimbizwa kila siku. Mwambie aandike jina."

"Ameshaandika," mkewe akasema. "Wewe ulikuwa bado umelala."

Wiki ya saba, mchana, kitanda cha mke kilipita njia hiyo hiyo, mkunga mnene akisukuma, Pimamaji akikimbia nyuma na ndala za mkewe mkononi. Mshono ulikuwa umeanza kuachia. Pale mlangoni magurudumu hayakutoa hata mlio.

Binti alilia kabla ya saa kwisha. Na ukimuuliza Pimamaji nani alichagua hospitali ile, utamsikia. Mkewe humwacha amalize, kisha hufunika jicho moja.