Mpiga Kinanda Aliyesahihishwa kwa Santuri Yake Mwenyewe

Saa nane mchana, Jumapili, ibada zimekwisha Mamelodi, kitongoji cha Pretoria, Afrika Kusini. Lesiba Phasha anaingiza kinanda cha umeme uani kwa Mzee Masombuka, anakilaza juu ya meza ya kupigia pasi na kuifunga miguu ya meza kwa waya isije ikakunjika.

Wazee wa klabu ya jazi wanafika mmoja mmoja. Suruali zimenyooka, viatu vinang'aa, santuri zimebanwa kwapani kama Biblia. Kila Jumapili ndivyo wanavyokutana: kila mwanachama anaweka santuri tatu, wenzake wanacheza, vidole vikifuata hewani kila noti ya muziki. Wanazijua kwa moyo. Mpigaji aliye hai hawajamwita hata siku moja, miaka kumi na tisa sasa.

"Santuri hailewi wala haichelewi," anasema Mzee Masombuka, mwenyekiti, huku akicheka.

Leo wamekubali dakika ishirini. Wakipendezwa, vijana watano wanaofundishwa na Lesiba watapewa ua huu mara moja kila mwezi. Wasipopendezwa, vijana hawana pengine pa kupigia. Shule iliyokuwa ikiwaazima darasa iliwafungia mlango Februari.

Lesiba ana miaka thelathini na minane. Mwaka jana alipiga mazishini mara kumi na moja, ukumbini mara mbili.

"Msibani malipo yangu ni sahani ya utumbo," anasema. "Na wanaosimama kumsifu marehemu ndio haohao waliomnyima kazi. Mimi napiga, nawatazama tu."

Anaanza na wimbo ambao uani hapa hakuna asiyeujua, wa marehemu Phineas Motau, mpiga tarumbeta. Katika santuri ya wimbo huo kinanda alikipiga Lesiba mwenyewe, akiwa na miaka ishirini na miwili. Hajarekodi nyingine.

Wazee wanainuka kucheza. Zamu yake ya kupiga peke yake inapofika, Lesiba anashika njia nyingine, polepole, chini chini. Vidole vya wazee vinakwama hewani.

"Simama, simama! Umekosea!" anapaza sauti Mzee Masombuka. "Sivyo Lesiba alivyopiga."

"Lesiba ni mimi, baba."

"Najua ni wewe, mimi si kipofu. Nakwambia ulivyopiga."

Ua mzima unaangua kicheko. "Kapotea njia ya kwao!" anadakia mzee mwingine. "Mpelekeni kwa mama yake!"

Reneilwe, binti wa miaka kumi na tisa mwenye saksafoni, mmoja wa wale vijana watano, hacheki. "Babu, jazi ndivyo ilivyo. Kila siku inakuja na lake."

"Mjukuu wangu, santuri hii ninayo tangu hujui kufunga viatu."

Mzee anaitoa, anaifuta kwa mkono wa shati, anaiweka kwenye gramafoni. Lesiba wa zamani anapiga. Wazee wanacheza, mmoja anafuta machozi. Vijana wameketi, vyombo magotini. Inapokwisha, wazee wanapiga makofi wakiielekea gramafoni.

"Mwezi ujao mje," anaamua mwenyekiti. "Ila mpige kama santuri ilivyo."

Lesiba anaomba kuiazima santuri akajifunze. Yake ilivunjika zamani.

"Haitoki hapa, mwanangu. Njoo Jumatano usikilize hapahapa."

Nje ya geti Reneilwe amefura. "Mwalimu, ukajiige mwenyewe? Aibu hiyo!"

"Aibu kweli. Lakini bila ua huu, ninyi mtapiga wapi?"

Jumatano atakuja, aketi mbele ya gramafoni, ajifunze vidole vya yule kijana wa kwenye santuri noti kwa noti. Mwezi ujao atapiga hivyohivyo mpaka wazee watosheke. Halafu, Mungu akipenda, ataacha Reneilwe apige wimbo aliotunga mwenyewe.

"Mimi walishanizika nikiwa na miaka ishirini na miwili," anasema Lesiba, akikikweza kinanda begani. "Huyu hana santuri. Watamsahihisha kwa kitu gani?"