Mtandio Uliorudi Nyumbani

Jumamosi alasiri, katika ukumbi mmoja hapa Garissa, niliketi kando ya mama aliyepakata mtandio mpya. Bendi ya jazi kutoka Nairobi ilikuwa imemshirikisha mpiga kaban, yaani ala ya nyuzi ya Kisomali kama udi, kutoka kambi ya Hagadera, na mama alikuja kumtuza. Huku, mwanamuziki akikugusa moyo unapanda jukwaani, unamvisha kitu mabegani.

Wale jamaa wa bendi ni mafundi, sikatai. Lakini walipiga wakitazamana wenyewe, saksafoni na ngoma zikishindana, wakichekeana. Kaban ikamezwa.

"Walaal, ndugu yangu, ameanza?" mama aliniuliza.

"Anapiga sasa hivi, mama."

Akatega sikio, macho kwenye vidole vya mpiga kaban.

"Mkono yake naona. Kaban sisikii."

Mwishoni kiongozi wa bendi akatutangazia kwa fahari kwamba tumesikia sauti ya Garissa. Tukapiga makofi, maana adabu hatujakosa. Mama hakupiga. Alikuwa akiukunja mtandio pembe kwa pembe, ulivyokunjwa dukani, na kule jukwaani mpiga kaban alikuwa akimtazama anavyoukunja.