Mtani Mezani

Sanduku langu nilikuwa nimeshalifunga. Lilikuwa la bati, kitasa chake kimekufa zamani, kwa hiyo nililizungushia kamba ya usumba na kulikaza kwa goti. Nikaliweka karibu na mlango, mahali ambapo yeyote angejikwaa. Mume wangu aliporudi kutoka shule alijikwaa kweli, akaliomba radhi sanduku, halafu akaniambia, "Vaa. Leo tunakula hotelini."

Ndivyo alivyokuwa tangu alipopewa ualimu Bagamoyo, miaka ile ya hamsini. Neno "pole" lilimkwama kooni. Mwanamume asiyeweza kulitamka hukupeleka ukale kwa uma.

Kosa langu lilikuwa kucheka. Mkaguzi wa shule alikuja nyumbani kunywa chai, akakalia kile kiti chetu chenye mguu wa kubahatisha, na kiti kikamkalisha chini, yeye na kikombe chake. Kicheko changu hakina adabu; kinaanzia tumboni na kikitoka hakiulizi nani yupo. Mkaguzi mwenyewe alicheka. Lakini alipoondoka, mume wangu aliniambia kwamba mke wa mwalimu hacheki hivyo. Basi nikaacha. Niliacha kucheka, nikaacha na kuzungumza, nyumba ikawa kimya miezi kadhaa, mpaka nikawa nasikia mchwa wakila mlango. Nilihuzunika, sifichi. Siku ile ya sanduku nikaazimia kesho yake asubuhi nipande basi nirudi kwetu Kerege, wazazi wangu waniulize wenyewe kulikoni.

Hoteli ilikuwa ya Mgoa mmoja, meza nne tu, kila meza na taa yake na kitambaa kilichopigwa pasi hadi kikakakamaa. Meza ya pili walikaa Wazungu wawili wa shamba la mkonge, mtu na mkewe, wakila bila kusemezana. Nikawaza, hao ndio sisi tukizeeka. Mume wangu alikuwa amevaa tai. Njia nzima alinifundisha uma unashikwaje, kijiko gani kinatangulia na mdomo unafungwa vipi wakati wa kutafuna. Kumbe nilikuwa nakula vibaya tangu naachishwa ziwa.

Akaja mhudumu. Siku hizo tukiwaita maboi, ingawa huyu alikuwa na mvi kichwa kizima. Kanzu nyeupe, mshipi mwekundu, sinia la supu mkononi. Akainama kwa heshima zote.

"Bwana na bibi, karibuni. Wenyeji wa wapi?"

"Mapinga," akajibu mume wangu kwa sauti ya darasani. "Mzaramo."

Yule mzee akanyooka. Akalitazama pazia la jikoni, alikokuwa Mgoa, kisha akashusha sauti. "Mimi Mnyamwezi."

Nikajua tumekwisha. Babu zake walikuja kutoka bara na pembe za ndovu mabegani, babu zetu wakawauzia mihogo na kuwacheka walivyonuka jasho. Tangu hapo Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mtani anakutukana, anakunyang'anya chakula, anamwita mkeo mkewe, na ukikasirika, mjinga ni wewe.

"Mzaramo na uma!" akanong'ona. "Nyie si mnajua ngoma tu? Huo utaupigia ngoma gani?" Bakuli la mume wangu akaliweka mbele yangu, kando ya langu. "Mke wangu, kunywa yote mawili. Huyu atashiba tai yake."

"Tafadhali," akasema mume wangu, "lete samaki."

Samaki akaletwa. Mimi nikapewa kipande kinene cha mgongoni. Mume wangu akapewa kichwa, kinamkodolea macho. Nikabana midomo, na mzee akaniona.

"Mbona hucheki, mke wangu? Huyu kakufanya nini?"

Miezi yote ile hakuna aliyeniuliza. "Amenikataza," nikasema. "Kicheko changu kinamtia aibu."

Mzee akamgeukia mume wangu, na safari hii hakunong'ona. "Faini!" Akatua sinia, akamvua tai pale pale mezani, akajivisha mwenyewe juu ya kanzu. "Sasa mwalimu ni mimi. Wewe kula kichwa."

Kikanitoka. Chote, cha miezi yote. Mkono wangu ukapiga sahani, mchuzi ukamrukia mume wangu kifuani, Wazungu wakageuka na vijiko vyao hewani. Nilijaribu kukizuia kwa kitambaa cha meza, kikazidi.

Pazia likafunguka. Mgoa akatokea, akamwona mtumishi wake na tai shingoni.

"Mwalimu," akasema, "huyu anakusumbua?"

Kicheko kikanikatika. Mzee akaanza kuifungua ile tai. Neno moja la mume wangu lingemfukuzisha kazi, na neno hilo hilo lingenipandisha basi. Mume wangu akanitazama. Halafu akakitazama kile kichwa cha samaki.

"Huyu anatusumbua tangu enzi za babu yangu," akasema. "Mwache. Na wewe mpagazi, ukishatua mzigo utuletee wali. Kichwa hiki hakishibishi."

Mgoa hakuelewa kitu, akarudi jikoni. "Kumbe una mdomo!" mzee akasema, akapiga makofi. Nikacheka tena, na mume wangu naye akacheka, kicheko chembamba cha mtu aliyesahau alikokiweka. Wali ulipokuja tuliula kwa mikono. Yule bibi wa Kizungu naye aliweka uma chini akatuangalia sana, lakini hakuthubutu.

Tai hatukurudishiwa mpaka leo. Tulirudi kwa miguu, na "pole" hakuisema hata hapo, wala sikuidai. Asubuhi nililikuta shati lake na doa kubwa la mchuzi, nikalifua. Nikatoka uani kulianika, hapakuwa na kamba. Nikarudi ndani, nikaifungua ile ya sanduku.